Asili ya Sanduku la Krismasi

Kila mwaka, siku moja baada ya Krismasi, Tanzania huwa na mapumziko yanayoitwa Boxing Day. Wako wanaodhani kuwa hiyo ni siku ya ndondi. Wengine husema ni siku ya kufungua zawadi. Katika makala haya tumekusudia kueleza asili ya jina hilo, kwa kuwa ndani yake imo historia ya zawadi ya Krismasi iliyotoka kwa bwana kwenda kwa mtumishi.

Neno box kwa Kiingereza ni sanduku au kasha. Katika karne ya 17, vijana waliokuwa wakijifunza kazi kwa mafundi wa London walikuwa na chombo cha udongo chenye tundu jembamba. Krismasi ilipokaribia, wateja walitumbukiza humo sarafu. Chombo kilipojaa kilivunjwa, na fedha zikagawanywa. Samuel Pepys, ofisa katika idara ya jeshi la wanamaji la Uingereza, aliandika katika shajara yake ya Desemba 1663 kwamba alikwenda kwa fundi wake wa viatu, akalipa deni lake lote, kisha akatia kitu katika sanduku la vijana. Tunaona hapa mambo mawili: kwanza alilipa deni, ndipo akatoa zawadi.

Tarehe 26 Desemba yenyewe ni sikukuu ya Mtakatifu Stefano. Matendo ya Mitume, sura ya 6, husimulia kuwa Stefano alikuwa mmoja wa watu saba waliochaguliwa kusimamia ugawaji wa chakula, baada ya kulalamikiwa kwamba wajane wengine walisahauliwa. Haishangazi, basi, kwamba siku hiyo ilihusishwa na kuwakumbuka wasio nacho.

Baadaye desturi ya sanduku ilienea miongoni mwa watumishi wa majumbani, wapeleka barua, wazoa taka na wawasha taa za barabarani. Hao walipiga hodi nyumba kwa nyumba kudai chao cha Krismasi, na wenye nyumba wengi walinung'unika. Lakini kwa watu wa mishahara midogo, zawadi hiyo ilikuwa sehemu ya riziki. Ubaya wake ni kwamba haikuwa na mkataba: mwenye nyumba akikataa, mtumishi hakuwa na pa kushtaki.

Katika karne ya 19 mambo mawili yalibadilika. Kwanza, zawadi ilielekea zaidi ndani ya nyumba. Mwaka 1848 gazeti moja la London lilichapa picha ya Malkia Victoria, mumewe Albert na watoto wao wakiuzunguka mti wa Krismasi. Familia zenye uwezo ziliiga, na wenye viwanda na maduka wakapata soko la vitu vya kuwapa watoto. Pili, mwaka 1871 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyoifanya tarehe 26 Desemba kuwa siku ya mapumziko ya benki. Hapo mapumziko yalianza kuwa jambo la sheria, wala si hisani ya tajiri.

Jina hilo lilitufikia pamoja na utawala wa Waingereza. Mtumishi wa nyumbani, aliyeitwa "boi" hata akiwa na mvi, alipewa bakshishi ya Krismasi na tajiri yuleyule aliyempangia mshahara mdogo mwaka mzima. Lakini sisi hatukuwa wageni wa zawadi za sikukuu. Watoto wa pwani hupewa mkono wa Idi; majirani hupelekeana sahani za pilau bila kuulizana dini, na sahani hairudishwi tupu. Hiyo ni zawadi ya watu walio sawa.

Wahenga walisema: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Nasi twaongeza kuwa mshahara ni haki, na zawadi haiwezi kushika nafasi yake. Kwa hiyo, kabla ya kumfungia zawadi anayetupikia, anayetufulia au anayelinda mlango wetu usiku, yatupasa kwanza tujiulize kama tumemlipa kilicho chake. Tukiisha kumlipa, ndipo tumpe na zawadi.