Lwiro, Uvira na Astrida: Namna Mahali pa Tetemeko Panavyojulikana

Jumapili tarehe 3 Februari 2008, yapata saa tatu na nusu asubuhi, nchi ilitetemeka Bukavu na ng'ambo ya mto Ruzizi, katika Rwanda. Watu zaidi ya 30 walikufa, na baadhi yao waliangukiwa na kanisa wakiwa katika sala. Wote waliuhisi mtikisiko, lakini nani kati yao angaliweza kusema umetoka wapi? Kila mtu hudhani umeanzia chini ya miguu yake.

Swali hilo lilikwisha kutafutiwa jibu hapa kwetu zamani. Mwaka 1947 Wabelgiji walianzisha taasisi ya uchunguzi iliyoitwa IRSAC, na makao yake yakajengwa Lwiro, kaskazini ya Bukavu. Katika miaka ya 1950 vyombo vya kuandika matetemeko vilikuwako Lwiro, Uvira, na Astrida, mji uitwao baadaye Butare.

Na tuone kwanza chombo kimoja kinajua nini. Tetemeko hutoa mawimbi ya namna mbili ardhini: la kwanza lina mbio, la pili hufuata nyuma. Kwa kila sekunde ya kuchelewa kwa la pili, hesabu umbali wa kilometa 8 hivi. Likichelewa sekunde 10, Lwiro yajua kwamba tetemeko li mbali kilometa 80. Lakini upande gani? Namba hiyo haisemi. Mtaalamu huchora duara katika ramani, na mahali penyewe paweza kuwa popote katika mzingo wake.

Uvira ikileta namba yake, maduara mawili hukatana mahali pawili. Astrida ikileta yake, pabaki pamoja tu. Na maduara yakikataa kukutana, huenda mmoja amesoma vibaya, basi hesabu hurudiwa.

Mwaka 1958 wataalamu Sutton na Berg walitangaza uchunguzi wao juu ya matetemeko ya Bonde la Ufa la magharibi, lenye maziwa Tanganyika, Kivu na Edward. Bukavu imo humo. Elimu hiyo haitabiri siku ya tetemeko. Yatuonya mahali gani nyumba zijengwe kwa uangalifu.

Tangu 1962 Astrida imo katika nchi nyingine yenye kujitawala. Ardhi haikuujua mpaka huo: wafu wa 2008 walikuwa wa pande zote mbili. Kwa hiyo namba nazo hazina budi kuvuka Ruzizi, hata watu wakigombana. Lwiro ikibaki peke yake, ina duara tu mkononi.