Nesi Aliyenipigia Nikiwa Narok

Wasee, leo siongelei siasa. Naongelea nesi.

Mwaka jana magokoro, mama yake mama yangu kule Nyakoe, alilazwa na madaktari wakasema imebaki kumtunza tu. Mimi nilikuwa Nairobi. Nikapanda matatu, na tulipofika Narok nikapigiwa na namba ya mama. Aliyeongea ni nesi. "Kijana, namwekea bibi simu sikioni. Ongea naye sasa, usingoje ufike."

Nikaongea. Nikamwambia hata kile nilichokuwa nimewaficha wote nyumbani, kwamba niliacha chuo.

Nilipofika alikuwa ameshaenda. Nesi alikuwa amemvutia mama kiti kando ya kitanda, hamharakishi. Siri yangu hakuitaja. Aliniuliza tu kama nimekula.

Nilidhani ni roho nzuri tu. Baadaye nikaanza kusoma, kumbe kazi ile ina historia, na manesi wako ndani yake tangu mwanzo.

Cicely Saunders alifuzu unesi London mwaka wa 1944, vita vikiendelea. Baadaye akasomea udaktari, na 1967 akafungua St Christopher's Hospice, mahali pa kuwatunza watu wenye magonjwa yasiyopona. Alifundisha kwamba maumivu ya anayekufa si ya mwili peke yake, na kwamba familia nayo inahitaji kushikwa mkono, hata baada ya mazishi.

Huku kwetu, nesi Mwingereza Ruth Wooldridge alikuwa kati ya walioanzisha Nairobi Hospice, iliyoanza kuhudumia watu 1990, kwenye uwanja wa Kenyatta National Hospital. Daktari Anne Merriman alifanya kazi hapo, kisha 1993 akaanzisha Hospice Africa Uganda. Na 2004 Uganda ikabadilisha sheria ili manesi waliosomea huduma hii waweze kuandika dawa ya mofini wenyewe.

Unaweza kuuliza, mofini inahusianaje na familia? Fikiria mgonjwa akilia usiku kucha. Anayekesha naye ni nani? Ni binti yake. Ukituliza maumivu ya mmoja, umewapumzisha wote nyumbani. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, mwaka wa 2002, liliandika kwamba huduma hii ni ya mgonjwa pamoja na familia yake.

Shuleni tulikariri magavana wa kikoloni na tarehe za mikataba. Hakuna aliyetufunza kwamba hata kuvuta kiti kando ya kitanda ni kitu ambacho watu walikipigania, miaka na miaka. Na kilichopiganiwa kinaweza kupotea, hasa wodi ikiwa na nesi mmoja na wagonjwa wamejaa.

Kwa hivyo kama kuna nesi aliyekaa na watu wako, rudi umwambie asante. Mimi wangu sikumuuliza hata jina.