Kipimo cha Jinja

Msomaji kijana, ukitoka Kariobangi na kushika Barabara ya Juja kuelekea mjini, utapita mahali penye nguzo ndefu za chuma na nyaya nyingi zilizokusanyika nyuma ya ua. Hapo ni kituo cha umeme. Yamkini umepita hapo mara mia, kwa miguu au kwa matatu, wala hukupata kujiuliza nyaya zile zilianzia wapi. Katika muongo wa 1950 laini kubwa ya umeme ilijengwa kutoka Tororo, mpakani mwa Uganda, mpaka upande huu wa Nairobi. Kampuni iliyopewa kazi hiyo iliundwa mwaka 1954. Nguvu iliyopita katika nyaya zake ilizaliwa Jinja, mahali ambapo Ziwa Viktoria humimina maji yake katika mto Naili.

Hata tone moja la mvua inyeshayo juu ya mapaa ya Kariobangi haliendi katika ziwa hilo. Mto Nairobi huyachukua maji yetu hata Athi, na Athi huyapeleka Bahari ya Hindi. Lakini taa za mji huu zilipata kutegemea hesabu moja iliyosomwa kila siku ukingoni mwa ziwa, mbali na hapa, na mtu ambaye jina lake hatulijui. Nataka kukueleza habari za hesabu hiyo.

Kipimo chenyewe ni kitu duni kwa kukitazama: ubao uliotiwa alama kama rula ya shule, umesimamishwa majini karibu na ukingo. Mtu huja, hutazama maji yamegusa alama ipi, huandika tarehe na hesabu daftarini, kisha huenda zake. Kazi hiyo ilianza Entebbe mwaka 1896. Tafakari jinsi ilivyo ya zamani: reli ilikuwa haijafika ziwani, na mji wa Nairobi ulikuwa haujazaliwa. Na waliozitaka hesabu hizo zaidi hawakuwa wavuvi wa Nyanza wala wakulima wa Buganda. Walikuwa wahandisi wa Misri, nchi iliyokuwa mikononi mwa Waingereza tangu 1882, ambao pamba yao hunyweshwa na Naili. Hivyo mwenye ziwa hakuwa ndiye mwenye daftari, na jambo hili litaturudia mbele.

Daftari la miaka michache huweza kumpoteza hata mwenye elimu. Mwaka 1923 bwana mmoja Mwingereza wa elimu ya hali ya hewa, C. E. P. Brooks, alilinganisha vipimo vya ziwa tangu 1896 na hesabu ya madoa meusi yaonekanayo juu ya uso wa jua. Akaona ajabu: madoa yalipozidi, ziwa lilipanda, yalipopungua, ziwa lilishuka. Ilidhaniwa kuwa siri ya ziwa imefunuliwa. Haikupita miaka mingi ulinganifu huo ukavunjika, ziwa likafuata njia yake na jua likafuata njia yake. Simcheki Brooks. Alikuwa na miaka isiyozidi thelathini ya hesabu, na alizisoma kwa uaminifu.

Kisha likaja bwawa la Owen Falls, ambalo siku hizi huitwa Nalubaale. Malkia Elizabeth wa Pili alilifungua mnamo Aprili 1954. Hapo kwanza ziwa lilikuwa na mlango wa mwamba, yaani maporomoko ya Ripon, na maji yalitoka kwa kadiri ya urefu wake. Sasa mlango ukawa wa chuma na saruji, na mtu akawa bawabu. Wamisri waliogopa, nao walikuwa na haki ya kuogopa. Basi katika mapatano yaliyoanza mwaka 1949 ilikubaliwa kwamba bwawa litoe maji kama mwamba ulivyokuwa ukitoa: ziwa likisimama kwenye alama fulani, kiasi fulani kipite. Mchoro wa mapatano hayo ulichorwa kutokana na yale madaftari ya zamani, na mhandisi wa Misri akawekwa Jinja ashuhudie kwa macho yake. Lakini Kenya na Tanganyika hazikuwa na mjumbe wao mlangoni pale, ingawa zaidi ya nusu ya ziwa imo Tanganyika, na sehemu kama sita katika mia imo Kenya.

Mwishoni mwa mwaka 1961 mvua kubwa ikanyesha Afrika ya Mashariki. Bendera tatu mpya zilipandishwa, ya Tanganyika mwaka huo, ya Uganda mwaka uliofuata, ya Kenya mwaka 1963, na ziwa nalo likapanda pamoja nazo. Kufikia 1964 lilikuwa limepanda kama mita mbili na nusu. Mashamba na vijiji vya pwani ya ziwa vilizama. Palikuwa na watu waliolilaumu bwawa. Lakini uzani wa hesabu ulielekea mvua. Maana yapata sehemu nane katika kumi za maji yaingiayo ziwani hutoka mbinguni moja kwa moja, wala si mitoni.

Ndipo mwaka 1967 serikali za Kenya, Uganda, Tanzania, Sudani na Misri, kwa msaada wa Umoja wa Mataifa, zilipoanzisha kazi moja ya kupima mvua, mito na maziwa ya Naili ya juu, makao yake Entebbe. Vituo vilijengwa katika nchi mbalimbali na hesabu zikawekwa pamoja. Rwanda na Burundi ziliingia baadaye. Kwa mara ya kwanza mwenye ziwa alikuwa na daftari lake.

Lakini kuwa na daftari si sawa na kulifungua mbele ya jirani. Mwaka 2000 bwawa la pili, Kiira, lilianza kazi kando ya lile la kwanza. Baada ya 2003 ziwa lilishuka mfululizo, na kufikia 2006 lilikuwa chini kuliko wakati wowote tangu miaka ya 1920. Mashua zilikwama matopeni, na Uganda ikakatiwa umeme kwa zamu. Wakuu wa Uganda walitaja ukame. Mtaalamu wa maji, Daniel Kull, alitoa taarifa mwaka huo akisema kwamba zaidi ya nusu ya upungufu wa miaka miwili ya nyuma ilitokana na mabwawa kupitisha maji kupita kiasi cha mapatano. Safari hii kulikuwa na shahidi mpya. Tangu 1992 setilaiti ya Marekani na Ufaransa ilikuwa imepimia uso wa maji kutoka angani, na zilizoifuata ziliendelea, na vipimo vyao vya ziwa vilitangazwa kwa kila atakaye. Mvuvi wa Homa Bay hakuwa na setilaiti, lakini gazeti lake liliweza kuuliza.

Mwaka 2020 mvua ilirudi kwa nguvu. Maji yaliingia katika nyumba za Budalangi, na ufuko wa Dunga karibu na Kisumu ukafunikwa. Mwezi wa Mei kipimo cha Jinja kilisomwa mita 13.42. Usidhani hicho ni kina cha ziwa. Ni urefu wa maji juu ya alama ya sifuri iliyowekwa zamani. Watu waliuliza kama ziwa limepata kufika hapo kabla. Madaftari yakafunguliwa, ikaonekana ya kuwa Mei 1964 mtu fulani alishuka ukingoni, akatazama ubao, akaandika 13.41.