Waliozwa Ili Vita Viishe



Mwezi wa Shaaban ukielekea kwisha hapa Nakuru, huwa ni harusi juu ya harusi. Pita Bondeni siku ya Ijumaa uone: hema limefungwa, sufuria za pilau ziko motoni, akina mama wana shughuli, kila mtu anakimbizana na mwezi usije ukaandama kabla hajamaliza. Na mji wetu si wa kabila moja. Msomali anaposa kwa Mkikuyu, Mnubi anaoa Mswahili, Mkalenjin anapeleka washenga mpaka Mombasa. Nikahi ikishasomwa, wazee hushikana mikono na kuambiana, "Sasa sisi ni watu wa nyumba moja."

Hebu tujiulize basi, ndugu yangu. Ni kweli? Watu wakioana, uhasama wa jamaa zao unakwisha?

Swali hili si letu peke yetu. Wafalme wa Kiislamu walilijaribu kwa mamia ya miaka, na waliolipa gharama yake mara nyingi walikuwa mabinti zao.

Tone la Umande

Tuanze Baghdad na Misri. Katika karne ya tisa, Misri na Sham zilikuwa mikononi mwa ukoo wa Tulun. Kwa jina walikuwa chini ya Khalifa, lakini kwa kweli walijitawala. Mwaka 885 jeshi la Baghdad lilipigana na jeshi la mtawala wa Misri, Khumarawayh, na yule aliyeongoza jeshi la Baghdad siku hiyo ndiye aliyekuja kuwa Khalifa al-Mu'tadid mwaka 892.

Al-Mu'tadid alipokalia kiti, Khumarawayh akatoa pendekezo: binti yake aolewe na mtoto wa Khalifa. Khalifa akajibu kwamba atamwoa yeye mwenyewe. Binti huyo alijulikana kwa jina la Qatr al-Nada, yaani Tone la Umande. Harusi ilifanyika mwaka 895. Mahari yalikuwa dirhamu milioni moja, na baba yake naye akampamba kwa vyombo vya dhahabu na vito hata hazina ya Misri ikabaki karibu tupu.

Je, amani ilidumu? Khumarawayh aliuawa mwaka 896, mwaka mmoja tu baada ya harusi. Qatr al-Nada akafariki mwaka 900, bado kijana. Mwaka 905 majeshi ya Baghdad yakaingia Misri na kuung'oa ukoo wa baba yake. Ile sherehe kubwa ilinunua miaka kumi tu.

Fungate ya Pate

Tusione ni mambo ya Waarabu wa mbali. Hapa kwetu pwani tunayo masimulizi ya Pate. Habari za kale za kisiwa hicho zinaeleza kuwa Sulaiman bin Sulaiman wa ukoo wa Nabhani, uliowahi kutawala Oman, alifika Pate na jamaa zake mwaka 600 Hijria, sawa na 1203 au 1204. Akampelekea mfalme wa Pate zawadi, kisha akamposa binti yake. Akaozwa. Fungate ilipokwisha, siku ya saba, alikwenda kumsalimia mkwewe, na mkwewe akamkabidhi ufalme.

Wanahistoria wengi wanaona tarehe hiyo ni ya mapema mno, na kwamba Wanabhani walishika Pate baadaye sana. Lakini angalia jambo ambalo wazee wa Pate walitaka vizazi vyao vikumbuke: ufalme ulipita kwa bibi harusi. Bila yeye, yule mgeni angebaki mgeni tu mwenye zawadi. Yeye ndiye aliyemfanya mwenyeji.

Bonde letu linaendelea

Sasa twende kaskazini. Hili Bonde la Ufa tunaloishi haliishii Kenya. Linapita Baringo, Turkana, linaingia Ethiopia. Huko juu, karne tano na zaidi zilizopita, palikuwa na nchi ya Waislamu iliyoitwa Hadiya, iliyokuwa ikitoa kodi kwa wafalme wa Kikristo wa Ethiopia. Mfalme Zara Yaqob, aliyetawala kuanzia 1434 hadi 1468, akamwoa binti wa mtawala wa Hadiya. Kwa Wahabeshi alijulikana kama Eleni, na akaingia dini ya mumewe.

Wewe unaweza kudhani habari yake iliishia jikoni. Wapi! Mumewe alikufa, yeye akabaki na heshima ya malkia mama katika enzi za wafalme kadhaa. Mwaka 1508 kiti kilipomwangukia mtoto, Lebna Dengel, Eleni alikuwa miongoni mwa walioshika mambo ya nchi. Mwaka uliofuata akatuma mjumbe hadi Ureno kuomba urafiki na msaada dhidi ya Waislamu. Binti aliyetolewa kama kiungo na Waislamu, uzeeni anaita wageni kutoka Ulaya! Alifariki mwaka 1522.

Kwa nini alifikia hapo? Kwa sababu mapigano hayakuwa yamekoma. Upande wa pili ilikuwepo dola ya Kiislamu ya Adal, yenye Zeila pwani na Harar bara. Amiri Mahfuz wa Zeila alishambulia nchi ya Wakristo mwaka hadi mwaka, na alikuwa akichagua kipindi cha kwaresima yao, wakiwa wamechoka kwa kufunga. Tunaofunga Ramadhan tunaelewa maana yake. Mahfuz aliuawa vitani mwaka 1517.

Mama wawili

Mahfuz aliacha binti, Del Wambara. Huyu aliolewa na Imamu Ahmad bin Ibrahim, kiongozi wa Adal ambaye Wahabeshi walimwita Gragn, maana yake mwenye kutumia mkono wa kushoto. Imamu alipoingia Ethiopia kwa jeshi kubwa, mkewe alifuatana naye, ingawa askari walilalamika. Alizaa watoto wawili wa kiume huko huko safarini vitani.

Katika vita hivyo Waislamu walimteka Menas, mtoto wa mfalme Lebna Dengel. Desturi ya wakati ule ilikuwa mateka kama huyo kuuawa au kuhasiwa. Inasimuliwa kwamba Del Wambara ndiye aliyemkinga. Baadaye, mwaka 1542, Menas alipelekwa Yemen kama zawadi kwa pasha wa Kituruki ili Imamu apate msaada wa askari.

Februari 1543 Imamu Ahmad akauawa Wayna Daga. Del Wambara akaponea chupuchupu na kurudi Harar, lakini mtoto wake Muhammad akakamatwa na mfalme mpya, Galawdewos, kaka yake Menas.

Msomaji, tulia hapa kidogo. Huku kuna mjane Muislamu ambaye mwanawe yuko mikononi mwa maadui. Kule kuna mjane Mkristo, Malkia Sabla Wangel, mama yake Menas, na mwanawe naye yuko mbali utumwani. Kila mmoja mumewe amekufa katika vita vile vile. Wanaume walikuwa wamepigana zaidi ya miaka kumi bila kusikilizana. Mama hawa wawili ndio waliosukuma mazungumzo, na mwishowe watoto wakabadilishwa: Muhammad akarudi kwa mama yake, na Menas kwa mama yake.

Mahari ya kisasi

Laiti mambo yangekomea hapo. Lakini Del Wambara hakusahau mumewe. Nur bin Mujahid, mpwa wa Imamu, alipotaka kumwoa, inasimuliwa kwamba alikubali kwa sharti moja: amlipizie kisasi. Yaani mahari yake yalikuwa damu.

Nur alitimiza. Mwaka 1559 Galawdewos aliuawa vitani na kichwa chake kikapelekwa Harar. Na nani akakalia kiti cha Ethiopia? Menas, yule yule aliyekingwa na Del Wambara na akarudishwa kwa makubaliano ya mama wawili. Adal nayo haikupata faida. Harar ikaingia katika njaa kali, Nur akafariki kwa maradhi miaka michache baadaye, na dola ikadhoofika isiinuke tena. Kilichobaki cha enzi yake ni ukuta unaozunguka mji wa kale wa Harar, ambao umesimama mpaka leo.

Tunajifunza nini?

Mwanamke huyo huyo mmoja alifanya mambo mawili. Aliporudisha mtoto wa mwenziwe, alirudishiwa wake. Alipodai kisasi, alipata maiti moja na nchi yake ikaangamia. Ndoa yenyewe haileti amani. Amani huja pale kila upande unapomrudishia mwenziwe kilicho chake.

Na sisi Waislamu mfano huu tunao tangu mwanzo. Baada ya vita vya Banu Mustaliq, Juwayriya bint al-Harith, binti wa mkuu wao, alikuwa miongoni mwa mateka. Mtume (S.A.W.) alimweleza nia yake ya kumkomboa na kumwoa, naye akaridhia. Watu wa Madina waliposikia, wakasema hawawezi kuwashikilia wakwe wa Mtume, wakawaacha huru watu wa nyumba kama mia moja. Umeona? Binti aliulizwa kwanza. Kisha mateka wakarudi kwao. Ndoa ikafuatwa na vitendo.

Nakuru tunajua ukosefu wa vitendo unavyouma. Mwisho wa Januari 2008, machafuko ya baada ya uchaguzi yalipofika hapa na Naivasha, ndoa za mchanganyiko zilijikuta katikati. Mke kabila hili, mume kabila lile, na watoto hawajui wakimbilie kwa babu yupi. Uwanja wa maonyesho na ule wa Afraha vilijaa wakimbizi. Kushikana mikono siku ya nikahi hakukuzuia lolote pale ambapo wakwe walikuwa hawajawahi hata kuingia nyumba za wenzao.

Kwa hivyo, kijana unayejiandaa kuposa, na mzazi unayepokea posa: muulizeni msichana, na jibu lake liheshimiwe. Na sisi tuliokwisha kuoana, tusiridhike na picha za harusi ukutani. Kama kuna shamba la mkwe lilichukuliwa, lirudishwe. Kama kuna deni, lilipwe. Na jioni moja katika mwezi huu, tia sambusa na tende kwenye kapu, chukua watoto, mwende mkafuturu kwa wale wakwe ambao hamjaonana tangu siku ya harusi.

Ramadhan Kareem.