Elimu ya Ulinzi wa Mitandao Ilivyoingia Vyuo Vikuu

Elimu ya kulinda mitandao ya kompyuta ni changa katika vyuo vikuu, wala haikuingia humo kwa urahisi. Leo mwanafunzi aweza kuisomea mpaka akapata shahada, na hapana aonaye ajabu. Hata hivyo wapo wanaouliza: Je, ni busara kumfundisha kijana jinsi kufuli linavyovunjwa, kwa matumaini kwamba atakuwa mlinzi wa nyumba? Swali hili si geni. Madhumuni ya makala haya ni kuonyesha jinsi lilivyozuka mara mbili katika chuo kimoja, yaani Chuo Kikuu cha Cornell, katika mji wa Ithaca, jimbo la New York, Marekani: mara ya kwanza mwaka 1977, na mara ya pili mwaka 1988.

Kwanza yafaa tukumbuke mtandao ulivyoanza. Tarehe 29 Oktoba 1969 kompyuta ya Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, ilijaribu kupeleka neno moja la herufi tano kwa kompyuta ya taasisi ya utafiti ya Stanford. Herufi mbili zilifika, kisha mitambo ikakwama. Mwisho wa mwaka huo vituo vilivyounganishwa vilikuwa vinne tu. Waliovitumia walikuwa watafiti waliofahamiana, na shida yao kubwa ilikuwa kuufanya mtandao ufanye kazi. Walikuwa kama watu wa kijiji kidogo, ambao mlango huufunga kwa kumzuia mbuzi, si kwa kumzuia mwizi.

Elimu ya maandishi ya siri, ambayo ni nguzo moja ya ulinzi huo, wakati ule ilikuwa mikononi mwa serikali na majeshi. Mwaka 1976 Whitfield Diffie na Martin Hellman wa Chuo Kikuu cha Stanford walitangaza njia mpya. Kwa njia hiyo mtu huwa na funguo mbili: mmoja huutangaza kwa watu wote, na wa pili huuficha. Ujumbe uliofungwa kwa ule wa wazi haufunguliwi ila kwa ule uliofichwa. Mwaka uliofuata Ron Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman wa taasisi ya MIT walipata namna ya kuitekeleza kwa namba tasa. Kuzidisha 61 kwa 53 ni kazi ya mara moja, na jibu ni 3233. Lakini aliyepewa 3233 peke yake hana budi kuhangaika ili azijue namba zilizoizaa. Namba hizo zikiwa na mamia ya tarakimu, hata kompyuta kubwa hushindwa.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Mwezi wa Julai 1977 mtumishi mmoja wa Idara ya Usalama wa Taifa ya Marekani alikiandikia chama cha wahandisi wa umeme na elektroniki. Alionya kwamba kuyatangaza maarifa hayo huenda kukavunja sheria ya kupeleka silaha nchi za nje. Mwezi wa Oktoba mkutano wa wataalamu ulikuwa ufanyike Cornell, na wanafunzi wawili wa Hellman, Ralph Merkle na Steve Pohlig, walikuwa wasome makala zao. Mwanasheria wa Stanford alishauri wasizisome wao wenyewe, kwa kuwa chuo kingeweza kumtetea profesa kuliko kuwatetea wanafunzi. Basi Hellman alizisoma, na vijana wale wakasimama kando yake kimya. Hapana aliyeshtakiwa.

Je, waliotaka kuficha walificha nini? Mwaka 1997 ilitangazwa Uingereza kwamba watumishi watatu wa serikali, James Ellis, Clifford Cocks na Malcolm Williamson, walikuwa wameyagundua mambo hayo kati ya mwaka 1970 na 1974. Ugunduzi wao ulikuwa wa kweli. Lakini kwa miaka ile yote hapana mwanafunzi aliyeusoma, wala mfanyabiashara aliyelindwa nao.

Mara ya pili Cornell ilipotajwa, haikuwa kwa heshima. Tarehe 2 Novemba 1988 Robert Tappan Morris, mwanafunzi wa chuo hicho aliyekwisha pata shahada ya kwanza, aliachilia kutoka kompyuta ya MIT programu ya namna iitwayo mnyoo, yaani programu ijizidishayo na kuhama yenyewe. Iliingia kwa kupitia kasoro za programu za kawaida, na kwa kubahatisha maneno ya siri yaliyokuwa dhaifu. Kila ilipofika iliuliza kama mwenziwe yumo. Lakini mara moja katika kila mara saba ilikaa hata ikijibiwa kuwa yumo. Kwa hiyo nakala zilirundikana mpaka mashine zikalemewa. Haikufuta hati za watu, lakini yakadiriwa kuwa mashine 6,000 hivi ziliathirika, kiasi cha sehemu moja ya kumi ya mtandao wote. Kikulacho ki nguoni mwako.

Tume ya chuo, katika taarifa yake ya mwaka 1989, ilikiona kitendo hicho kuwa cha kitoto, kilichopuuza madhara yaliyokuwa dhahiri. Mwaka 1990 mahakama ilimhukumu Morris miaka mitatu ya kuangaliwa nje ya gereza, saa 400 za kazi ya jamii, na faini ya dola 10,050.

Lakini ni nani waliouzuia mnyoo ule? Ni wanavyuoni wa Berkeley, MIT, Purdue na kwingineko, waliokesha wakiufumua na kupashana habari za dawa yake. Mwezi ule ule kituo cha kushughulikia maafa ya namna hiyo kiliundwa katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, mjini Pittsburgh. Mwaka 1999 Idara ile ile ya Usalama wa Taifa iliteua vyuo vikuu saba vya kwanza kuwa vituo bora vya kufundishia elimu hii. Naye Morris baadaye alikuwa profesa wa MIT.

Tangu nyaya za chini ya bahari zilipofika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009, swali la Ithaca limekuwa letu pia. Anayetaka kasoro zisifundishwe na akumbuke kuwa mficha maradhi, kifo humuumbua. Na anayezifundisha na akumbuke usiku ule wa Novemba: kijana yule hakupungukiwa maarifa. Alipungukiwa kufikiri juu ya watu walioko upande wa pili wa waya. Na hilo nalo ni somo, lazima lifundishwe.