Stanley Baldwin, Mwana wa Chuma

Tarehe 24 Juni 1919, gazeti la The Times la London lilichapa barua iliyotiwa saini kwa herufi tatu tu: F.S.T. Mwandishi aliwasihi matajiri wa Uingereza wajitoze kodi kwa hiari ili kulipunguzia taifa deni la vita. Alikuwa amepiga hesabu ya mali yake, akaikuta kama pauni 580,000. Kwa pauni 120,000 akanunua hati za mkopo wa vita zenye thamani ya pauni 150,000, akazirudisha Serikalini zifutwe.

Herufi zile zilikuwa za cheo cha naibu waziri katika Hazina, Stanley Baldwin. Matajiri walioitikia wito wake walikuwa wachache.

Baldwin alizaliwa mwaka 1867 mjini Bewdley, katika ukoo wa wenye viwanda vya chuma. Alifanya kazi katika kampuni ya baba yake, Alfred, kwa miaka ishirini hivi, na baba alipofariki mwaka 1908 akarithi hata kiti chake cha ubunge.

Kiwanda cha ukoo wake, cha Wilden, hakikumtoka moyoni. Tarehe 6 Machi 1925, akiwa Waziri Mkuu, alisimama Bungeni kupinga muswada wa mbunge wa chama chake mwenyewe, Conservative, uliolenga kubana michango ya kisiasa ya vyama vya wafanyakazi, ambayo ndiyo iliyokilisha chama cha Labour. Akasimulia kiwanda alichokijua utotoni: kila mfanyakazi akimfahamu kwa jina, migomo haijulikani, wazee waliochoka wakishinda wamekalia mishikio ya matoroli na kuvuta viko vyao. Akaeleza pia jinsi ushindani ulivyozimeza kampuni za namna hiyo, bosi na kibarua wakawa hawajuani tena. Akaomba amani. Muswada ukafa.

Hotuba ile ilikuwa ya kweli, naamini, lakini migodi ya makaa ya mawe haikuwa Wilden. Wenye migodi walitaka kupunguza ujira na kurefusha saa za kazi. Ruzuku aliyoitoa Baldwin kwa migodi hiyo ilikwisha mwishoni mwa Aprili 1926, na siku chache baadaye mgomo mkuu wa kuwaunga mkono wachimbaji ukaanza. Ulidumu siku tisa. Wachimbaji wenyewe waliendelea kugoma kwa miezi mingine, hadi njaa ikawarudisha shimoni kwa masharti ya matajiri wao, huku Serikali ikiwa imekwisha kuruhusu kisheria siku ndefu zaidi ya kazi.

Mwaka 1927 Serikali hiyohiyo ya Baldwin ilipitisha sheria iliyopiga marufuku migomo ya kuungana mkono na kubana ile michango aliyoitetea miaka miwili tu nyuma. Hapo ndipo alipowaangusha watu waliomwamini. Sheria hiyo ilifutwa na Serikali ya Labour mwaka 1946. Baldwin alikuwa bado hai, akaaga dunia Desemba 1947.