Asili ya Diakonia Yetu: Kutoka Mitaa ya Paris hadi Milima ya Usambara

Sura zilizotangulia katika kitabu hiki zimeeleza jinsi Neno la Mungu lilivyofika katika mji wetu, jinsi wainjilisti wa kwanza walivyofundisha chini ya mti, na jinsi wazee wetu walivyochanga mawe, mbao na mabati hadi kanisa likasimama. Sura hii inahusu jambo lisiloonekana katika picha za jengo. Inaeleza asili ya huduma ya diakonia, yaani utumishi kwa maskini, na hasa maskini wa mjini wasio na mahali pa kulala.

Ni vema nieleze kwa nini sura hii imeandikwa. Katika orodha ya kwanza ya yaliyomo haikuwamo. Kamati ya maandalizi ya jubilei ilipokaa kupanga usafi wa viwanja, mjumbe mmoja alishauri kwamba watoto na watu wazima wanaolala barazani mwa kanisa waondolewe wiki moja kabla ya sherehe, ili wageni wasiwakute. Shauri hilo halikutolewa kwa ubaya, kwa maana kila mwenye nyumba hufagia kabla ya mgeni kufika. Lakini mzee mmoja wa kanisa aliuliza: tukiisha kuwaondoa, katika kitabu cha miaka mia tutaandika nini juu ya diakonia? Hakuna aliyemjibu. Mwishowe kamati iliniagiza nichunguze na kuandika wamisionari waliotuletea Injili walikuwa watu wa namna gani, na walikuwa na desturi gani mbele ya watu kama hao.

Historia hiyo haianzii Afrika. Inaanzia katika miji ya Ulaya ya karne ya 19, wakati viwanda vilipokuwa vikiongezeka na watu wa mashambani wakimiminika mijini kutafuta riziki. Mwaka 1832 kijana mmoja wa Hamburg, Johann Hinrich Wichern, alifundisha shule ya Jumapili na kuwatembelea watoto wake majumbani. Aliona vyumba vyenye giza vilivyojaa watu, wazazi wasio na kazi, na watoto walioachwa wajilee wenyewe. Mwaka 1833 alihamia pamoja na mama yake katika nyumba ndogo kuukuu iliyoitwa Rauhes Haus, nje ya mji, na akaanza kupokea wavulana wa mitaani.

Wichern hakujenga bweni kubwa. Aliwagawa watoto katika jamaa ndogo za watoto kumi au kumi na wawili, kila jamaa ikiwa na ndugu mlezi na nyumba yake. Mwaka 1839 watoto hao walipokuwa wakimsumbua kwa kuuliza Krismasi itafika lini, alichukua gurudumu la mbao, akapanga juu yake mishumaa mikubwa ya Jumapili na midogo ya siku za kazi, wakawa wanawasha mmoja kila siku. Hiyo ndiyo asili ya taji la Majilio tunalowasha madhabahuni kila mwaka. Ni washarika wachache wanaojua kwamba taji hilo lilibuniwa kwa ajili ya watoto wa mitaani.

Mwaka 1848, katika mkutano wa makanisa uliofanyika Wittenberg, Wichern alisimama akalisihi Kanisa la Ujerumani liyatambue matendo ya upendo kuwa sehemu ya imani yenyewe, si pambo lake. Kutokana na wito huo ilizaliwa kazi iliyoitwa Misioni ya Ndani. Maana yake ni kwamba misioni haiwi ya kuvuka bahari peke yake. Huwa pia ya kuvuka barabara.

Miaka 10 baadaye alitokea mtu ambaye jina lake linatuhusu kwa karibu zaidi, Friedrich von Bodelschwingh. Alizaliwa mwaka 1831 huko Westfalia katika ukoo wa watawala. Baba yake alikuwa waziri wa Prussia. Kwanza alijifunza kilimo na kusimamia shamba kubwa. Kisha alisoma kijitabu cha misioni, akaguswa moyo, akaenda kusoma theolojia kwa nia ya kuwa mmisionari katika nchi za mbali. Lakini mwaka 1858 hakutumwa mbali. Alitumwa Paris.

Siku zile mji wa Paris ulikuwa ukibomolewa na kujengwa upya chini ya mfalme Napoleon wa Tatu. Maelfu ya Wajerumani maskini walikuwa wamehamia huko, wengi wao kutoka jimbo la Hessen, wakifanya kazi ambazo wenyeji hawakuzitaka. Walifagia barabara kabla ya alfajiri na kuokota matambara majalalani. Wake kwa waume walishika mifagio, na watoto pia. Walikuwa wageni katika nchi isiyo yao, hawakuwa na shule wala kanisa, na lugha yao ilikuwa ikipotea vinywani mwa watoto wao.

Bodelschwingh alikaa miongoni mwao karibu miaka 6. Aliwafuata walipoishi, akafungua shule kwa ajili ya watoto, na katika mtaa wa La Villette likajengwa kanisa dogo juu ya kilima. Mtoto wa waziri aliwajua wafagiaji kwa majina yao. Kila alichokifanya baadaye kilitoka katika shule ile ya Paris, ambamo mwalimu ndiye aliyefundishwa.

Alirudi Ujerumani mwaka 1864 akawa mchungaji wa usharika wa mashambani. Hapo, mwanzoni mwa mwaka 1869, yeye na mkewe Ida waliwazika watoto wao wote 4 katika muda wa wiki mbili. Mwaka 1872 aliitwa Bielefeld kuongoza kituo kilichokuwa kimeanzishwa mwaka 1867 kwa ajili ya wagonjwa wa kifafa, kituo kilichokuja kujulikana kwa jina la Bethel. Chini ya uongozi wake, pamoja na madiakonisa wa Sarepta na mashemasi wa Nazareth, Bethel ilikua ikawa kama mji mzima.

Baada ya mwaka 1873 uchumi wa Ujerumani ulianguka. Wanaume wengi walizunguka barabarani wakitafuta kazi, wakiomba mkate mlango hata mlango, na serikali iliwakamata kwa kosa la uzururaji. Walifika Bethel pia. Bodelschwingh aliona kwamba kuwapa senti na kuwapitisha kulikuwa ni kuwafukuza kwa adabu. Mwaka 1882 alianzisha Wilhelmsdorf, kijiji cha kazi katika nyika ya mchanga karibu na Bielefeld. Mtu alifika kwa hiari yake, akapewa chakula, mavazi, malazi na kazi ya kuifanya nyika ile kuwa shamba. Kileo kilikatazwa. Mfano huo ulienea, na kabla karne haijaisha vituo vya namna hiyo vilikuwa zaidi ya 20 nchini Ujerumani.

Yapo mambo ya kupima hapa. Kazi humrudishia mtu heshima yake. Hilo ni kweli. Lakini kazi ikifanywa sharti la huruma, yule asiyeweza kufanya kazi hubaki nje ya mlango. Tena wenye nguvu hupenda kusema kwamba maskini ni mvivu, kwa kuwa neno hilo huwapumzisha wao. Bodelschwingh mwenyewe hakuishia Wilhelmsdorf. Mwaka 1903, akiwa mzee wa miaka 72, aliingia katika bunge la Prussia ili kuwatetea watu wa barabarani kwa njia ya sheria, na mwaka 1907 sheria juu ya vituo vya wasafiri maskini ilipitishwa.

Katika miaka hiyo alitembelea malazi ya usiku ya jiji la Berlin. Aliwakuta wanaume kwa mamia katika kumbi kubwa, wamelazwa usiku mmoja na kutolewa asubuhi, pasipo mtu wa kuwauliza majina. Mwaka 1905 alianzisha Hoffnungstal, kaskazini mwa Berlin, na baadaye Lobetal jirani yake. Huko alisisitiza jambo moja lililoonekana kuwa la gharama bure: kila mtu apewe chumba chake, hata kikiwa kidogo sana, chenye kitanda na mlango. Mtu aliyelala miaka mingi katika kundi alihitaji mlango anaoweza kuufunga mwenyewe. Bodelschwingh alifariki mwaka 1910.

Sasa tuje kwetu. Mwaka 1886 iliundwa huko Berlin jumuiya ya misioni kwa ajili ya Afrika Mashariki ya Kijerumani, na mwaka 1887 kazi yake ilianza Dar es Salaam. Hatuna budi kusema wazi kwamba jumuiya hiyo ilizaliwa karibu mno na wale waliotaka makoloni, na kwa muda ilidhoofika. Mwaka 1890 Bodelschwingh aliombwa kuisaidia. Alitoa watu aliokuwa nao, yaani wachungaji, mashemasi na madiakonisa waliozoea kuosha wagonjwa na kula pamoja na waliodharauliwa. Mwaka 1891 wamisionari Johanssen na Wohlrab walianza kazi Mlalo katika Usambara. Mwaka 1906 makao ya jumuiya yalihamishiwa Bethel penyewe, na mwaka 1910 kazi ilifika Bukoba.

Katika milima hiyo kulianzishwa Lutindi mwaka 1896, iwe makao ya watoto waliookolewa utumwani. Watoto hao walipopungua, nyumba zile hazikufungwa. Mwanzoni mwa karne ya 20 Lutindi ilianza kupokea wagonjwa wa akili, watu ambao wengine waliwafunga kamba au kuwaacha wapotee, na kazi hiyo inaendelea. Ndiyo maana tunasema kwamba Injili iliyokuja kwetu ilikuja mkono mmoja ukiwa na Biblia na mwingine ukiwa na beseni la maji. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza wamisionari wa Kijerumani waliondolewa, na yote mawili yakabaki mikononi mwa walimu na wainjilisti Waafrika. Usharika wetu ni tunda la mikono hiyo.

Kitabu cha kumbukumbu kisichotaja doa si cha kuaminiwa. Bethel nayo ilipita gizani. Baada ya sheria ya Wanazi ya mwaka 1933, wagonjwa wengi wa Bethel walifanyiwa upasuaji wa kuwazuia wasizae. Mwaka 1940 wagonjwa Wayahudi kadhaa walichukuliwa kutoka humo, wakauawa. Mwaka huohuo mchungaji Paul Gerhard Braune, mkuu wa Lobetal, alikusanya ushahidi wa mauaji ya wagonjwa katika nchi yake, akaiandikia serikali waraka wa kuyapinga, na akafungwa. Nyumba ya huruma inaweza kumkabidhi mtu kwa wauaji, na inaweza kumtetea. Jina lililoandikwa mlangoni halitoshi. Kila kizazi huchagua upya.

Nchi yetu pia imewahi kujaribu njia ya kuwaondoa. Serikali ya kikoloni ya Waingereza iliwaita vijana wasio na kazi wahuni, ikawarudisha makwao kwa nguvu. Baada ya uhuru, mwaka 1983, ilitungwa sheria iliyojulikana kama Nguvu Kazi, na watu wasio na kitambulisho cha kazi walikamatwa jijini Dar es Salaam na kupelekwa mashambani. Nia ilikuwa kila mtu azalishe. Lakini wengi walirudi mjini, kwa sababu kilichowaleta kilikuwa bado kipo. Leo tunayo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inayomtambua mtoto aliye mtaani kuwa mwenye haki ya kulindwa. Hata hivyo sheria haiwezi kumjua mtoto kwa jina. Hiyo ni kazi ya jirani.

Nilipowasomea wajumbe wa kamati muhtasari wa haya, yule aliyetoa shauri la kwanza ndiye aliyelifuta. Aliomba badala yake wanawake wa usharika na vijana wa kwaya wakutane na wale wanaolala barazani, wawaulize majina yao, wametoka wapi, na nani kati yao ana ndugu anayeweza kupatikana. Kazi hiyo imeanza. Imegundulika kwamba baadhi ya watoto wale walibatizwa katika sharika zetu za mashambani. Tulikuwa tukipanga kuwaficha wageni wasiwaone watoto wa Dayosisi yao wenyewe.

Ndugu wageni, mtakapofika katika ibada ya shukrani mtawaona. Hatukuwaondoa, wala hatuwaonyeshi kwa kujisifu, kwa kuwa hatujafanya jambo kubwa bado. Baraza si chumba chenye mlango. Kamati imekubali kwamba sehemu ya sadaka ya jubilei itengwe kwa ajili ya makao madogo, na tunaiomba Dayosisi itushauri jinsi ya kuyaendesha kwa kufuata sheria za ulinzi wa mtoto, ili nia njema isije ikazaa madhara.

Bwana wetu, katika Injili ya Mathayo sura ya 25, ametueleza tutaulizwa nini siku ya mwisho. Hakutaja idadi ya mabati wala urefu wa mnara. Alitaja mwenye njaa, mgeni na aliye uchi. Wazee wetu walitujengea kanisa. Mungu awabariki kwa hilo. Watakaoandika kitabu cha miaka mia ijayo wasome kwamba katika mwaka wa jubilei baraza lake halikufagiliwa watu.

Kwa Mungu peke yake utukufu.